Boma la Zamani la Dar es Salaam na Sisi Watu wa Ng'ambo ya Ziwa

Mtu wa Kalemie akisema "ninaenda Dar", hakuna anayemwuliza anaenda kuangalia nini. Inajulikana: anaenda kutafuta vitu. Gari, vipuri, vitambaa, mabati. Ndivyo tulivyokwenda na sisi, katikati ya mwaka 2019, watu watatu wa chama. Mmoja alikuwa na mizigo iliyokwama bandarini juu ya karatasi moja. Wa pili ni mwalimu wa historia aliyekwisha kustaafu. Wa tatu ni mama mfanyabiashara, ambaye ndiye mwenye kutunza kitabu cha mikutano yetu. Tuseme ukweli, nyumba ya makumbusho haikuwa katika programu. Tuliingia humo kwa sababu karani wa mizigo alituambia turudi saa nane, na wakati ule ilikuwa saa nne tu, na jua la Dar si jua la kuchezea.

Jengo lenyewe liko pale Sokoine Drive inapokutana na Morogoro Road, ukitazama mahali boti za Unguja zinapopakia watu. Linaitwa Old Boma, yaani Boma la Zamani. Kwetu Kongo jina Boma linatukumbusha kwanza ule mji wa Bas-Congo, uliofanywa mji mkuu mwaka 1886 wakati wa Leopold. Lakini kwa watu wa huku mashariki boma ni ukuta wa kuzunguka mji au kijiji, kiisha likawa jina la biro ya mkubwa wa serikali. Watu wakisema "ameitwa bomani", wasikiaji wananyamaza. Ni sawasawa na vile wazee wetu wanavyosemaka "kwa Leta": Leta si mtu, si nyumba, lakini ukiitwa unavaa shati safi na unaaga watu wa nyumbani.

Mama alisimama barabarani akaiangalia nyumba ile, kuta nene, madirisha madogo, rangi nyeupe. Akasema: "Lakini hii ni biro ya teritware kabisa! Inakosa tu bendera na watu wa kungoja chini ya mwembe." Tulicheka, na hatukujua kwamba neno lile litatusumbua safari yote.

Kijana aliyetupokea mlangoni alituambia: "Shikamoo wazee." Sisi tukajibu: "Jambo." Akanyamaza kidogo, kama mtu aliyetoa mkono na haukupokelewa. Mwalimu ndiye aliyekumbuka kwamba kule inajibiwa "marahaba". Tunaeleza hilo kwa ajili ya wale watakaosafiri baada yetu: Kiswahili ni kimoja, lakini heshima yake ina milango mbalimbali.

Nyumba hii ilijengwa mwaka 1866 na 1867, wakati wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Katika mji wa Dar es Salaam hakuna jengo zima lililo zee kuipita. Haikujengwa kwa ajili ya kufunga watu wala kutoza kodi. Ilikuwa nyumba ya kulaza wageni wa Sultani, kando ya jumba lake lililotazama bahari. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, yale yanayochimbwa pwani, yakashikanishwa kwa chokaa. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Mwalimu alitufafanulia jambo ambalo tangu hapo tunaliona katika kila nyumba ya zamani ya pwani: boriti ya mkoko haizidi sana mita tatu, na kwa sababu hiyo vyumba vyote ni vyembamba, virefu kama behewa la treni. Fundi hakuchagua upana wa chumba. Mti ndio uliochagua. Mlango ni wa mbao nzito za kuchongwa, namna ya Zanzibar.

Majid alikuwa na mawazo yake. Unguja ilikuwa imejaa makonsoli wa Wazungu na ugomvi wa ndugu. Basi alitaka bandari mpya barani, yenye maji ya utulivu, karibu na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima, ili misafara ya kutoka bara ije kufikia pale. Na misafara ile, wapenzi wasomaji, ilitoka wapi? Ilitoka kwetu. Pembe za ndovu zilizokuwa zikitafutwa katika miaka ile zilikuwa zinazidi kupatikana ng'ambo ya Tanganyika, Manyema, njia ya Nyangwe na Kasongo. Watu waliofungwa minyororo walitoka kule pia. Kwa hiyo mji huu tangu jiwe la kwanza ulijengwa ukiwa umegeuza uso upande wetu, hata kama wengi wetu tunaufikiria kama mji wa mbali wa watu wa bahari.

Majid alikufa mwaka 1870. Ndugu yake Barghash, aliyemfuata, hakuupenda mji huu, akauacha majani yaote. Misafara iliendelea kushukia Bagamoyo kama zamani. Wajerumani wa ile kompanyi yao ya Afrika ya Mashariki walipofika kuweka kituo mwaka 1887 walikuta majumba yanabomoka. Mwaka 1891 wakahamishia hapo mji mkuu wa koloni yao, kutoka Bagamoyo. Ndipo nyumba ya wageni ikawa nyumba ya serikali, na jina la boma likaishika. Baada yao Waingereza, walioingia mjini mwezi wa tisa 1916, na baada ya Waingereza serikali ya mji. Watu wamesimama katika vyumba vile vyembamba na karatasi mkononi kwa miaka mingi kuliko wageni wa Sultani walivyolala humo.

Katika miaka ya 2010 ilitengenezwa upya kwa kazi ya wasanifu majengo wa Tanzania pamoja na wenzao wa Ujerumani, na msaada wa feza ya Umoja wa Ulaya, ikawa kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam. Ndani kuna picha, ramani na michoro, kuanzia wakati wa Majid mpaka siku hizi. Hatutazihesabia zote hapa. Tutasema juu ya ramani tu, maana ramani ndizo zilizotukalisha chini.

Wajerumani, mwaka ule ule wa 1891, walitoa sheria ya ujenzi. Ilisema nyumba za namna gani zinaweza kujengwa pahali gani: za Kizungu upande huu, zingine upande ule. Waingereza nao, katika miaka ya 1920, waligawanya mji katika sehemu tatu, na watu wakazipa majina yao: Uzunguni, Uhindini, na upande wa Kariakoo na Ilala kwa Waafrika. Sheria haikusema "Mwafrika asikae hapa". Ilisema nyumba ya udongo na makuti haijengwi hapa. Kwa mwenye mshahara wa pagazi maana ilikuwa moja. Katikati ya Uhindini na Kariakoo waliacha uwanja mtupu, Mnazi Mmoja. Leo ni pahali pa mikutano na kupumzika, na watu wanapita bila kufikiri, lakini uliachwa kusudi sehemu mbili zisigusane. Walitoa sababu ya magonjwa.

Mwalimu aliweka kidole juu ya kioo cha ramani, pale kwenye uwanja mtupu, akauliza: "Hii kwetu inaitwaje?" Hakungoja jibu. Sisi sote tuliokulia Kongo tunaijua zone netre. Elisabethville walipohamisha cité mwaka 1921 waliacha pengo kama lile lile, na Wabeleji nao walitoa sababu ya magonjwa, ya mbu. Waingereza na Wabeleji waligombana juu ya mambo mengi ya Afrika, lakini juu ya pengo hili walisikilizana bila kuandikiana barua. Na ubaya wake ni kwamba sisi wenyewe tunaendelea kusema "ninaenda mu ville", "ninarudi mu cité", kama kwamba Mungu ndiye aliyechora ule mstari.

Hapo ndipo tulipoona faida ya kuweka historia ya mji ndani ya biro ya zamani. Mtu anasoma sheria ile ndani ya kuta zilizotumika na serikali ile ile. Hauhitaji kufikiri sana ili uone karani, meza, kitabu cha kodi na mlinzi mlangoni.

Nyumba ya jirani nayo ina habari, na habari yake inatuhusu zaidi. Inaitwa Atiman House. Ilijengwa wakati wa Majid pia, kwa watu wa nyumba yake, na baadaye ikawa mali ya Mapadre Weupe. Atiman alikuwa nani? Wazee wa Moba na Kirungu watajibu mbele ya watu wa Dar es Salaam. Adrien Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu kati ya 1860 na 1870, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe kule Algeria, akasomea uganga katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ukingoni mwa Tanganyika upande wa mashariki. Hakurudi tena kwao. Aliganga watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956.

Karema yenyewe haikuanzishwa na mapadre. Ilianzishwa mwaka 1879 na kapiteni Cambier, Mbeleji, kwa ajili ya ile asosiasyo ya Leopold iliyosema inaleta sayansi na kuvunja utumwa. Miaka minne baadaye, 1883, luteni Storms akavuka ziwa akaanzisha Mpala, upande wetu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya Leopold kwenye ziwa letu ilitoka mashariki. Ilipita njia ya misafara, ikaongozwa na Waswahili wenye kujua visima na bei ya hongo. Mwaka 1885, Leopold alipokwisha kupata kile alichokitaka huko Berlin, vituo vyote viwili aliviachia Mapadre Weupe. Tulisimama mbele ya nyumba ile, tukiangalia bahari ya Hindi, tukizungumza habari za Mpala. Mama alisema ni ajabu kusafiri kilomita zaidi ya elfu moja na kujikuta unaongea juu ya jirani yako.

Saa nane tulirudi kwa karani. Karatasi haikuwa tayari. Hatutaeleza juu ya nini, wala katika biro gani, maana wenye kufanya biashara wanajua na wengine hawatasadiki. Lakini kungoja kule bandarini kulitupa muda wa kuongea juu ya jambo lingine ambalo vijana wetu hawalijui tena: kwamba sehemu ya bandari ile iliwahi kuwa ya Ubeleji, yaani kwa namna fulani ya Kongo.

Mambo yalikuwa hivi. Wajerumani walijenga reli kutoka Dar es Salaam kuanzia 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, karibu kilomita 1,250. Upande wetu reli ya kutoka Kabalo ilifika Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwaka 1915. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Askari wa Force Publique walivuka, wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Kwa wapagazi waliobebea jeshi lile la Wabeleji chakula na risasi, hesabu inayotajwa mara nyingi ni 260,000. Vita vilipokwisha Ubeleji ilibaki na Ruanda na Urundi tu. Kigoma na Tabora ziliingia mikononi mwa Waingereza. Kama fidia, kwa mapatano ya 1921, Wabeleji walipewa viwanja viwili vya kupakia na kupakua mizigo ya Kongo, Ruanda na Urundi bila ushuru, kimoja Kigoma na kimoja Dar es Salaam. Kodi yake ilikuwa franka moja kwa mwaka, na muda wake milele. Viliitwa Belbase. Baba zetu waliofanya kazi ya masua na ya reli walilisema jina lile kila siku.

Neno "milele" ndilo lililoleta shida. Mwaka 1961, Tanganyika ikielekea uhuru, Nyerere alikataa. Alisema inchi yenye uhuru haiwezi kufungwa na mtu aliyeitawala kwa muda, akagawa kiwanja chake kwa muda usio na mwisho. Sisi tuliozaliwa upande wenye kufaidika na ile franka moja, tunakubali alisema sawa. Lakini tulicheka pia kwa uchungu: mizigo yetu ile iliyokwama ingepita bila neno.

Siku ya pili yake, Ijumaa, tulikwenda Kariakoo. Jina hili nalo ni la vita vile. Waingereza waliweka pale kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, na midomo ya watu ikaigeuza kuwa Kariakoo. Soko kubwa tulilolikuta, lile la paa la zege kama miavuli iliyogeuzwa, lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, na kufunguliwa mwaka 1975. Lilishikwa na moto mwezi wa saba 2021, miaka miwili baada ya sisi kupita. Tulisikitika kama watu wa pale.

Tulikuwa tunatafuta msikiti. Mwalimu alikuwa amesoma kwamba katika Kariakoo kuna msikiti unaoitwa wa Manyema, na kwa kuwa mama yake ni mtu wa Kasongo, hakutaka kurudi bila kuuona. Tuliupata. Baada ya sala watu walitoka, tukamwamkia mzee mmoja, safari hii kwa shikamoo, tukamweleza tunatoka Kongo, Kalemie, na mmoja wetu ana damu ya Kasongo.

Mzee alituangalia kwa muda. Kiisha akasema: "Sisi hapa ni Wamanyema. Lakini kwenu hatukujui."

Hakusema kwa ubaya. Alituketisha kwenye baraza ya jirani yake, akaagiza chai. Babu yake, alisema, alikuja kutoka bara "na mzigo", na hakuwahi kueleza kama mzigo ulikuwa begani mwake kwa mshahara au kwa mnyororo. Katika nyumba yao swali lile halikuulizwa. Wengi walipita Ujiji, wakakaa Tabora, wakashuka pwani. Wengine walikuwa askari, wengine mafundi, wengine watumwa waliopewa karatasi ya uhuru. Walipofika mjini kila mmoja alikuwa wa kabila lake: Mkusu, Mzimba, Mbangubangu, Mgoma. Mji ndio uliowafanya Wamanyema. Walizikana pamoja, wakajengeana, wakajenga msikiti. Mzee alisema hivyo kwa kifupi sana: "Tulikuwa watu wa maiti moja." Kwa maneno yake, kila mmoja aliyekufa alikuwa na wa kumbeba.

Tukamwuliza kama anajua neno lolote la kule. Akasema hakuna. Mama yetu, ambaye hakubali jambo liishe hivyo, akamwuliza: "Baba, majani ya muhogo mnayaitaje?" Akajibu kama mtu yeyote wa Dar: "Kisamvu." Halafu akatabasamu, akashika ndevu. "Lakini bibi yetu alisema sombe. Tulikuwa tunamcheka."

Sombe. Kila mtoto wa Kalemie, wa Bukavu, wa Kindu anajua sombe. Mama aliandika neno lile katika kitabu cha mikutano, pamoja na tarehe.

Usiku ule tulibishana. Mfanyabiashara wetu alisema nyumba ya makumbusho imetudanganya: inaeleza Waarabu, Wajerumani, Waingereza, Wahindi, na watu wa msikiti ule hatukuwaona katika maandiko tuliyoyasoma. Mwalimu alimpinga. Alisema ile ni nyumba ya kueleza majengo, basi lazima itaeleza wenye mawe. Waliojenga kwa fito na udongo hawaachi ukuta wa kupiga picha. Na sheria ya 1891 na ile ya Waingereza ndizo zilizowakatalia mawe. Ukiangalia vizuri ile ramani, alisema, wamo: ni ile sehemu ya tatu. Mama akasema wote wawili wanasahau kitu kimoja. Kule Sinza kuna kituo cha daladala kinachoitwa kwa Remmy, kwa jina la Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947, akaja kupiga muziki Dar es Salaam mwaka 1978 na kufariki huko mwaka 2010. Mtoto wa Maniema hakujenga ukuta hata mmoja, na kila siku makonda wanaliita jina lake. Juu ya hilo hakuna aliyekuwa na jibu, tukalala.

Sisi waandishi wa karatasi hii tunaona mwalimu alisema kweli, lakini si yote. Nyumba ya makumbusho haiwezi kusema kila kitu, hata hivyo inampa mtu pahali pa kuanzia kuuliza. Kama hatungeingia mle ndani kwa kukimbia jua, hatungeenda Kariakoo kuutafuta msikiti siku ya pili. Na mzee yule asingekumbuka sombe ya bibi yake mbele yetu. Swali linaanza kwenye ukuta, linaendelea barabarani.

Turudi sasa kwetu, maana mama hakusahau maneno yake ya siku ya kwanza.

Katika mji wetu kuna nyumba moja ya serikali ya wakati wa Wabeleji. Hatutaitaja, kwa kuwa shauri lake halijaisha na wenye kusoma wataijua. Ina baraza ndefu, matofali ya kuchoma, mabati ya zamani mazito. Kwa miaka mingi karatasi zake zilikuwa zinatoka kidogo kidogo. Wengi wetu tumenunua karanga zilizofungwa ndani ya fomu yenye muhuri wa taji la Ubeleji. Mmoja wetu alikula mkate wa asubuhi, kiisha akasoma juu ya karatasi jina la kijiji cha shangazi yake. Hakuna aliyefanya vile kwa ubaya: mlinzi hana mshahara, mama wa karanga anahitaji karatasi. Kisha ziwa likapanda. Mwaka 2021 maji yalikula nyumba za ukingoni, na mwaka 2024 yakarudi. Zile karatasi zilizokuwa chini kabisa, ndizo za zamani zaidi, zililowa.

Chama chetu kiliandika barua mbili. Hatukuomba nyumba. Tuliomba chumba kimoja chenye mlango wa kufungwa, na ruhusa ya kuanika karatasi. Tulijibiwa kwa mdomo kwamba nyumba ile inaweza kupata mnunuzi, na kwamba mambo ya zamani hayajengi inchi. Aliyetujibu ni mtoto wa mji huu, tunamheshimu, na tutamwandikia mara ya tatu. Ila tunasema wazi, mbele ya wasomaji: nyumba ile ikibomolewa ili kupanda pale magazini ya ghorofa, tutabaki kama wale wa sehemu ya tatu ya ramani, na hatutakuwa na Mwingereza wa kulaumu.

Kwa sasa tuna masanduku mawili. Yako nyumbani kwa mama mwenye kitabu cha mikutano, juu ya meza iliyoinuliwa kwa matofali, mbali na maji. Tuliyapata kwa kununua karatasi zote kwa mlinzi kwa bei ile ile ya mama wa karanga, na kumwongezea kidogo. Nyingi ni hesabu za kodi na sifa za ng'ombe waliochanjwa. Lakini kuna kitabu kimoja kirefu, jalada la kijani, cha watu walioomba ruhusa ya kuvuka ziwa kwenda Kigoma katika miaka ya mwisho ya Wabeleji. Kila mstari una jina, kijiji, kazi na sababu ya safari. Sababu zimeandikwa Kifaransa na mkono wa karani aliyechoka: biashara, harusi, matanga. Na mara nyingi sana, mstari baada ya mstari, kumwona ndugu. Karani hakuuliza ndugu huyo anaitwa nani wala alifikaje kule.

Tunanakili kitabu kile kila Jumamosi kuanzia saa tisa. Hatukuweka majina hapa, kwa kuwa wengine wana watoto walio hai, na ni haki yao kuyasikia kwanza nyumbani. Mwenye mzazi aliyevuka miaka ile anaweza kuja kutazama. Aje na miwani, maana wino umefifia, na asije na mafuta mikononi. Tumefika ukurasa wa arobaini na moja. Karibu mwisho wa ukurasa ule kuna mwanamke wa Kasongo, kazi yake haikuandikwa, aliyeomba kufika Kigoma na kuendelea kwa treni mpaka Dar es Salaam. Pahali pa sababu karani aliandika neno moja tu, "matanga", na pembeni, kwa wino mwingine, tarehe aliyorudi. Mwalimu amekwisha kuandika barua kwa mzee wa Kariakoo, kumwuliza kama anamfahamu.